Mjadala: Riwaya za mapenzi ya makabaila wa Uingereza zinawapotosha wasichana, au tunazionea?

MWANZISHA MADA

Wadau, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Juzi, tukiwa wasomaji wachache, dada mmoja tunayemheshimu alisema riwaya za mapenzi ya makabaila wa Uingereza zinawafundisha wasichana kukaa wakimsubiri tajiri aje awaoe. Alikusudia zile za miaka ya 1811 hadi 1820, mwana wa mfalme alipotawala kwa niaba ya baba yake mgonjwa. Wengi walimuunga mkono. Mimi sikubaliani naye.

Nimezisoma riwaya hizi miaka mingi. Majumba na magari ya farasi nayasahau mara nikifunga kitabu. Ninachobaki nacho ni hofu ya msichana aliyeposwa na anayesubiriwa atoe jibu.

Tazameni sheria aliyokuwa akiishi chini yake. Akishaolewa, fedha zake zinakuwa za mume, isipokuwa zile ambazo wazazi wake walizikinga mapema kwa mkataba. Watoto ni wa baba. Talaka ya kumwezesha mtu kuoa au kuolewa tena ilihitaji sheria maalumu ya Bunge, na hadi utaratibu huo ulipobadilishwa mwaka 1857, wanawake walioipata walikuwa wanne tu. Wanne! Haki kamili ya mke kumiliki mali yake ilikuja mwaka 1882. Na asiyeolewa? Mashamba na nyumba humwendea mtoto wa kiume wa kwanza, kwa hiyo yeye anaishi kwa hisani ya kaka.

Ndiyo maana mwandishi anaweza kutumia kurasa 20 kwa dansi moja nasi tusichoke. Kijana amecheza na msichana mara mbili. Anarudi kuomba mara ya tatu, na akina mama walioketi kando ya ukuta wanaanza kunong'ona, kwa kuwa mara ya tatu ni kama kutangaza nia. Mkono wa kijana umenyooshwa. Glavu ya msichana imelowa jasho. Akikubali, kesho mji mzima utajua. Akikataa, huenda asiombwe tena msimu huo wa dansi.

Jane Austen, mwandishi wa riwaya Mwingereza wa wakati huo, aliyajua haya kwa kuyapitia. Desemba 1802, akikaribia miaka 27, aliposwa na Harris Bigg-Wither, mrithi wa nyumba kubwa na mashamba huko Hampshire. Jioni akakubali. Asubuhi yake akakataa, akaondoka. Hakuwa na mali yoyote. Baba yake alikuwa kasisi, na alipofariki mwaka 1805, Jane, mama yake na dada yake waliishi kwa msaada wa kaka zake. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1811 bila jina lake. Mimi huufikiria sana usiku ule mmoja kati ya ndiyo na hapana. Sidhani alilala.

Sasa mniambie ni wapi hapo msichana anafundishwa kumsubiri tajiri. Elizabeth Bennet, katika riwaya ya Austen ya mwaka 1813, anamkataa bwana mwenye pato la pauni 10,000 kwa mwaka, naye anajua wazi kwamba baba yake akifa, nyumba yao inachukuliwa na binamu.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu, kwenye sheria umenigusa. Lakini umeruka jambo zito: fedha zile zilitoka wapi? Familia nyingi za namna ile zilitajirika kwa sukari ya Jamaika, Barbados na Antigua, iliyolimwa na Waafrika watumwa. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe uliendelea kwenye makoloni hayo kwa miaka mingine zaidi ya 20. Sheria ya kuukomesha ilipopita mwaka 1833, serikali ilitenga pauni milioni 20 kuwalipa fidia wenye watumwa. Watumwa hawakupewa hata senti. Mimi nikisoma bwana harusi anamimina sukari kwenye chai ya mchumba wake, mapenzi yananitoka.

Halafu hao maduki! Hicho ndicho cheo cha juu kabisa cha ukabaila, na wakati ule, hata ukiwahesabu wana wa mfalme, hawakufika 40. Leo kila riwaya ina duki wake, kijana, mzuri, hajaoa. Msichana wa miaka 15 atajuaje kwamba ni ndoto?

MWANZISHA MADA

Kwenye sukari nakubali, na nakushukuru kwa kulisema. Sina utetezi kwa vitabu vinavyotuonyesha bakuli la fedha na kuficha shamba. Ila usidhani haiwezekani kuandika vingine. Katika Mansfield Park ya mwaka 1814, Austen anamtaja bwana mwenye mali Antigua. Msichana maskini anayelelewa nyumbani kwake anamuuliza kuhusu biashara ya watumwa, na chumba kizima kinanyamaza. Ni sentensi chache tu, lakini ukishazisoma huwezi tena kuitazama nyumba ile kama mwanzo. Hicho ndicho ninachowadai waandishi wa leo, waiache sukari mezani na watuambie nani aliilima.

Kwenye maduki sitakufuata. Idadi yao si kosa linaloniumiza. Ninachokichukia ni duki ambaye sheria haimpi nguvu yoyote juu ya mkewe, ndoa ikageuka karamu tupu. Hapo hofu imeondolewa, na posa haina uzito wowote.

Msichana wa miaka 15 mpe kitabu, kisha kaa naye umweleze mwaka 1882 maana yake nini. Nilifanya hivyo na binti wa kaka yangu. Alirudi nyuma kurasa kadhaa, akasoma upya sehemu ya posa, kisha akaniuliza: "Shangazi, kwa hiyo akikosea hapa, hatoki tena?"

Wengine mnasemaje? Hasa wewe dada uliyeanza: ni kitabu gani kilichokufikisha hapo?