Sanamu: mtu aanze kutazama wapi?

Nakawa77: Hamjambo ndugu. Mnara wa Uhuru hapa Kampala kila mpita njia anaujua: mama kamwinua mtoto, mtoto kanyoosha mikono juu. Ukishaelewa hilo, kuna nini tena cha kutazama?

Patasi: Maana iache kwanza, ssebo. Simama mbali kiasi cha mara mbili ya kimo cha sanamu, kisha uizunguke yote, ukisimama mahali nane hivi. Kila mahali fuata ukingo wake tu, kama vile ni kivuli kitupu, halafu ujiulize uzito unashukia wapi. Katika kazi hii ya Gregory Maloba, ya mwaka 1962, mwili wa mama umezungushiwa mikanda lakini mikono ya mtoto iko huru kabisa. Umbo linabanwa chini, linafunguka juu. Ukisoma kibao kwanza, macho yatatafuta maneno ya kibao na kuacha hayo.

Halafu fikiria saruji, ambayo ndiyo iliyotumika hapa. Huvumilia kugandamizwa ila hukatika upesi ikivutwa, kwa hiyo mkono mwembamba wa saruji hutaka chuma ndani. Ndiyo maana sanamu nyingi za saruji ni nene na zimefungamana.

Mfinyanzi_Jinja: Saa nayo ni muhimu mno! Huku ikweta jua la saa sita liko utosini; macho ya sanamu yanazama gizani. Nenda kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, mwanga ukitoka ubavuni.

Nakawa77: Na za mti? Nyufa zile ni uharibifu?

Patasi: Si lazima. Gogo likikauka husinyaa kufuata mzingo wa pete zake za ukuaji karibu mara mbili ya linavyosinyaa kuelekea kiini, basi hupasuka kutoka nje kwenda ndani. Ufa unaofuata nyuzi kwa kawaida ni wa kukauka. Uliokata nyuzi, shuku pigo au kuanguka. Jizoeze kwa “War Victim” (Mhasiriwa wa Vita), sanamu ya mti ya Francis Nnaggenda, maktaba kuu ya Chuo Kikuu cha Makerere: mwili uliopoteza viungo, na bado umesimama. Tafuta alama za zana pia. Vijibonde vyembamba ni vya patasi ya mviringo, mikato mipana ni ya tezo, kishoka cha kuchongea.

Nakawa77: Naweza kugusa?

Mfinyanzi_Jinja: Hapana, mpaka uruhusiwe. Jasho na mafuta ya viganja huingia kwenye mti na kuacha weusi usiotoka.