Vitabu vya zamani vya "kusoma akili" vitolewe kwa Kiswahili, au tunawanoa matapeli?

MLETA MADA (Kinondoni)
Wakuu habari za jioni. Kuna jambo nimegombana nalo na bro wangu mpaka chai ikapoa, nikaona nililete hapa mnisaidie.

Mimi napenda mazingaombwe, hasa ile inaitwa mentalizimu, yaani jamaa anataja jina uliloliwaza, anajua umeandika nini, anatabiri namba utakayosema. Sio uchawi, ni sanaa ya jukwaani na ina vitabu vyake vya miaka mingi. Nataka nichukue masomo kadhaa ya humo niyaweke kwa Kiswahili cha kawaida niwafundishe vijana wa mtaani kwetu, bure. Bro anasema nawapa vibaka funguo za nyumba za watu.

Kwa nini vitabu na sio video? Video inakuonyesha mchezo mmoja, unaucheza kwenye sendofu mara moja umeisha. Vitabu vinakutesa. Kuna Mwingereza Corinda, mwishoni mwa miaka ya 1950 alitoa vijitabu 13 ambavyo baadaye viliunganishwa kuwa kitabu kimoja. Cha kwanza kabisa kinahusu kidude cha kuandikia kwa siri, kincha ya penseli inakaa kwenye dole gumba. Unamwambia mtu utabiri nimeshauandika, yeye anataja 47, na wewe ndo kwanza unaiandika hiyo 47 huku unamwangalia usoni unacheka naye. Miezi miwili nafanya mazoezi kwenye daladala na 7 yangu bado inafanana na 1. Kijitabu cha 13 sasa, cha mwisho, ni maneno na namna ya kusimama mbele ya watu, na wenye uzoefu watakwambia kazi yenyewe iko hapo.

Sasa kilichonichoma. Shangazi yangu alienda kwa "mtaalamu" mmoja Mbagala. Akaambiwa andika shida yako katikati ya karatasi, kunja mara mbili, mtaalamu akaichana vipande vipande akavitupa kwenye chetezo, halafu "akasoma moshi". Akamtajia neno kwa neno. Shangazi akatoa laki mbili na nusu. Mimi niliposikia tu "andika katikati" nikajua, maana karatasi ikikunjwa hivyo na kuchanwa, kile kipande cha katikati kinabaki kizima na ndicho hakikuungua, kilikuwa mkononi mwa mzee muda wote. Mbinu ya zamani hiyo. Shangazi angekuwa ameisoma hata ukurasa mmoja, hela ingekuwa kwenye kibubu chake.

Karibuni.

WA SINZA
Mkuu naheshimu hobi yako ila umejichanganya. Huyo mzee wa Mbagala nae kuna mtu alimfundisha. Wewe ukichukua vijana 20, 18 watakuwa wanafurahisha watu kwenye bethidei, wawili watafungua ofisi na kitambaa chekundu mlangoni. Na hao wawili ndo watakuwa wanafunzi wako bora. Halafu wenyewe wa fani wana mwiko wa kumwaga siri hovyo, wewe umetumwa na nani?

WA TEMEKE
Mdogo wangu wa Sinza, huo mwiko ni wa kulinda tiketi, sio kulinda shangazi wa mtu. Kitabu kimojawapo cha kwanza kwa Kiingereza kueleza mazingaombwe yanafanyikaje ni cha Reginald Scot, 1584, na hakuandika ili watu wachekeshane. Alikuwa anapinga watu kuuawa kwa tuhuma za uchawi, akaonyesha kwamba mambo mengi ya "kimiujiza" ni wepesi wa mkono tu. Sasa rudi hapa kwetu. Ni wabibi wangapi kule Kanda ya Ziwa wamekatwa mapanga kisa macho mekundu, macho yenyewe yamewiva kwa moshi wa kuni? Nyuma yake mara nyingi kuna mpiga ramli alietaja mtu. 2015 serikali ikawapiga marufuku hao wa ramli chonganishi, sawa, lakini marufuku haimwelezi mtu alidanganywaje.

Na msiwaonee waganga peke yao. Marekani 1986 mhubiri Peter Popoff alikuwa anataja majina na magonjwa ya waumini utafikiri kashushiwa, James Randi akamnasa, kumbe sikioni ana kidude na mkewe anamsomea kwa redio kutoka kwenye kadi za maombi walizojaza wenyewe mlangoni. Huyo Randi alikuwa mwanamazingaombwe, ndo maana aliona.

DADA WA TABATA
Mimi niko katikati. Kuna mwalimu wa saikolojia anaitwa Forer, 1948 aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, wakayapa wastani wa 4.26 kwa 5, kumbe wote wamepewa karatasi moja ile ile. Nikasema ngoja nijaribu saluni kwangu. Nikaandika "unaonekana mcheshi ila kuna kitu kinakuuma hujamwambia mtu, umewasaidia watu ambao hawakukurudishia", nikawapa wateja sita kila mmoja na yake. Mmoja alilia. Nikawaambia jamani ni maneno yale yale, tukacheka sana, ila yule aliyelia aliikunja karatasi akaiweka kwenye pochi akaondoka nayo. Kwa hiyo mleta mada, fundisha, ila usitegemee sana.

MLETA MADA
Dada wa Tabata umenigusa penyewe, kuna kitu sikukiandika pale juu. Jumapili nilienda kwa shangazi nikamfanyia ule mchezo wote. Aliandika, nikachana, nikachoma kwenye jiko la mkaa, nikamtajia alichoandika (jina la marehemu mjomba). Halafu nikafungua kiganja nikamwonyesha kipande. Akakiangalia muda, akanimiminia uji, akasema "Wewe mwanangu unatumia mikono, ndo maana umeshikwa. Yule hajashikwa."

Alhamisi anarudi tena Mbagala. Nimemwomba nimsindikize, kakubali, ila kasema nikae nje.