Kesi ya bangi ya kaka Chicago: inafutika kabla ya uraia?

Dada_Kiborloni: Wakuu, naomba msaada. Kaka yangu yuko Chicago, ana grini kadi (kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu). Mwaka 2014 alikutwa na bangi gramu chache, akatiwa hatiani. Illinois, jimbo lenye Chicago, imeruhusu bangi tangu Januari 2020, naye anataka kuomba uraia. Ile hatia inafutika? Anaweza kujaza kwamba hajawahi kukamatwa? Mama hapa Moshi hapati usingizi.

Wa_Njiro: Pole dada. Kwa jimbo, ndiyo. Chini ya gramu 30, bila ukatili, gavana anasamehe kisha korti inafuta. Kuanzia 30 hadi 500 mtu anaomba mwenyewe mahakamani. Lakini uhamiaji ni wa serikali kuu ya Marekani, na kwake bangi bado haramu. Hatia iliyofutwa na jimbo bado inahesabika kwenye uhamiaji. Fomu ya uraia inauliza hata yaliyofutwa, na uongo utamponza kuliko zile gramu. Achukue nakala zenye muhuri wa mahakama KABLA faili halijafutwa! Uhamiaji wakidai uthibitisho wa gramu, ataupata wapi?

Babu_Sakina: Na Desemba asije kwanza. Akitoka nje ya Marekani, anaweza kuzuiwa kurudi. Amwone wakili wa uhamiaji. Yule wa jinai peke yake hatoshi.

Dada_Kiborloni: Asanteni sana. Tiketi ya Krismasi alishakata. Nampigia sasa hivi.