Biashara ya miundombinu ya maji: niweke mtaji kwenye mabomba makubwa, visima, au dira (mita) za maji na udhibiti wa upotevu wa maji?

DukaLaMsamvu

Ndugu wadau, habari za wakati huu.

Nina duka la vifaa vya maji na ujenzi hapa Morogoro. Wateja wangu wakubwa ni mafundi wa mitaani, vyombo vya watumiaji maji vya vijijini na makandarasi wadogo wa madaraja ya chini ya usajili wanaopata kazi za RUWASA, yaani wakala wa maji vijijini. Ninachouza zaidi ni mabomba ya plastiki ngumu (HDPE) ya kipenyo kidogo, viunganishi, klampu na koki. Benki imekubali kunikopesha kwa dhamana ya kiwanja changu, na nimebaki na njia tatu mezani: kuagiza na kuhifadhi mabomba makubwa pamoja na mashine ya kuyaunganisha kwa joto, kuingia ubia na mwenzangu mwenye mtambo wa kuchimba visima, au kuhamia kwenye dira za maji na vifaa vya kugundua na kuziba mivujo.

Kila mmoja ninayemuuliza hunijibu kwamba maji ni uhai, kwa hiyo soko lipo siku zote. Hilo nalijua, ila marejesho ya benki hayalipwi kwa msemo. Nimesoma kuhusu hatifungani (hati ya mkopo inayouzwa kwa wawekezaji) ya mamlaka ya maji ya Tanga, nasikia habari za miradi ya maji ya miji 28, na malori ya kwenda kwenye bwawa la Kidunda nayaona, lakini sijui namna ya kuviunganisha vitu hivi nikapata picha moja ya soko la miaka mitano hadi kumi ijayo. Naomba maoni ya wanaoifahamu sekta hii kwa ndani.

MkadiriajiMajenzi

Ndugu muuliza swali, kabla ya kuuliza sekta ya maji inahitaji nini, uliza fedha inayomlipa mnunuzi wako inatoka wapi. Mahitaji yapo kila kijiji; kinachotofautiana ni chanzo cha fedha, na chanzo hicho ndicho kinachoamua bomba litanunuliwa wapi, kwa viwango vya nani, na malipo yatakuja lini.

Chukua miradi ya miji 28. Mikataba yake ilisainiwa mwaka 2022 kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India, na mikopo ya aina hiyo kwa kawaida huambatana na sharti kwamba sehemu kubwa ya bidhaa na huduma itoke katika nchi inayokopesha. Kwa hiyo mradi unaweza kupita mbele ya duka lako, ukachimba mtaro kilomita nyingi, na wewe usiuze hata futi moja ya bomba kuu. Kidunda nalo ni bwawa la lita bilioni 190 ndani ya mkoa wako, lakini kazi yake ni kuupa mto Ruvu maji ya kutosha wakati wa kiangazi ili Dar es Salaam isirudie mgawo ule wa mwishoni mwa mwaka 2022. Ni kazi ya saruji, mitambo mizito na mkandarasi wa kimataifa. Mwenye duka hapo atauza makoleo na mipira ya kumwagilia zege.

Upande wa pili ni fedha ya ndani. Mfuko wa Taifa wa Maji hupata shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na fedha hiyo haitegemei mfadhili wala haina sharti la nchi ya kununua. Miradi midogo ya vijijini ambayo RUWASA imeisimamia tangu Julai 2019 hugharamiwa kwa kiasi kikubwa na mfuko huo pamoja na bajeti ya serikali. Hili ndilo soko lako la sasa, na linakupendelea pia kisheria, kwa kuwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na kanuni zake zimetenga zabuni za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50 kwa makandarasi wa ndani. Kasoro yake unaijua kuliko mimi: hati ya malipo inasainiwa, kisha mkandarasi anasubiri, na wewe uliyemkopesha mabomba unasubiri pamoja naye huku riba ikitembea.

Kuna na chanzo cha tatu ambacho wengi hawakitazami, nacho ni malipo kwa matokeo. Mwaka 2018 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 350 kwa maji vijijini kwa mpango ambao fedha hutoka kadiri huduma inavyothibitishwa kuwa inafanya kazi. Mpango wa namna hiyo humpa halmashauri na RUWASA sababu ya kutengeneza vituo vilivyokufa na siyo kukimbilia kujenga vipya peke yake, na hapo ndipo vipuri, pampu za sola zinazochukua nafasi ya injini za dizeli, na mafundi wa matengenezo wanapopata soko ambalo zamani halikuwepo.

Kuhusu visima nitasema kwa ufupi. Serikali ilinunua mitambo 25 ya kuchimba visima kwa fedha za UVIKO-19, ikaja na mpango wa visima 900, vitano kila jimbo. Mchimbaji binafsi bado anapata kazi kwa wenye mashamba, shule na viwanda, lakini kwenye kazi za umma anashindana na mtambo ambao haudaiwi na benki. Sikushauri kuanzia hapo kwa fedha ya mkopo.

FundiDira

Naongezea kwa upande wa mijini, kwa kuwa nimekuwa kwenye kitengo cha biashara cha mamlaka moja ya maji ambayo sitaitaja.

Kiwango cha upotevu wa maji ambacho EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, inakiona kuwa kinavumilika ni asilimia 20, ilhali wastani wa mamlaka za nchi umekuwa ukizidi theluthi moja ya maji yanayozalishwa. Jirani zetu Kenya wako pabaya zaidi. Taarifa za mdhibiti wao, Wasreb, zimekuwa zikionyesha zaidi ya asilimia 40 mwaka baada ya mwaka. Tafsiri ya kibiashara ni kwamba mamlaka imeshalipia umeme wa pampu, imeshalipia dawa ya kutibu maji, kisha maji yanaishia mtaroni au kwa mteja ambaye dira yake haisomi. Lita inayookolewa namna hiyo haihitaji bwawa jipya, na ndiyo maana wakurugenzi wa mamlaka hivi sasa wanaulizwa na bodi zao habari za upotevu kabla ya kuulizwa habari za kilomita za mtandao.

Nikueleze jambo ambalo ukiwa dukani huwezi kuliona. Dira za kawaida za mzunguko zina kigurudumu ndani kinachosukumwa na maji. Kwenye maeneo ya mgawo, bomba likikauka linajaa hewa, na maji yanaporudi yanaisukuma ile hewa ipite kwenye dira kwa kasi, namba zinakimbia, na mteja anakuja dirishani na ankara akisema amelipishwa upepo. Mara nyingi anasema kweli. Baada ya miezi kadhaa ya mchanga na hewa, dira ileile huchoka na kuanza kusoma pungufu, hasa maji yanapotiririka kidogo kidogo kujaza tangi la juu ya nyumba, na sasa anayeibiwa ni mamlaka. Dira za mawimbi ya sauti hazina kigurudumu, kwa hiyo hazichakai kwa njia hiyo, ila bei yake ni ya juu na betri yake ina umri.

Wizara imekuwa ikizihimiza mamlaka kufunga dira za malipo ya kabla, na taasisi za umma zimekuwa miongoni mwa walengwa wa mwanzo kwa sababu ya madeni yao sugu. Soko hilo lipo, lakini usidhani mamlaka itakuja dukani kununua dira moja moja. Inanunua kwa zabuni kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, dira lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo, na programu ya kuuza uniti lazima izungumze na mfumo wa serikali wa malipo. Mfanyabiashara wa ukubwa wako huingia kwa mlango wa pembeni: vali, masanduku ya dira, klampu za kuzibia mivujo, vipima shinikizo na mkataba wa kufunga na kubadilisha dira kwa kanda.

MwekezajiMdogo

Wakuu, mmezunguka hatifungani ya Tanga bila kuifikia, na kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote. Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, iliuza hatifungani ya kijani (ya miradi rafiki kwa mazingira) ya miaka kumi, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, ikitafuta shilingi bilioni 53.12, na wanunuzi wakaleta zaidi ya kilichoombwa. Imeorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Lengo ni kuongeza uzalishaji kutoka lita milioni 45 hadi milioni 60 kwa siku na kufikisha huduma Muheza, Pangani na Mkinga. Mamlaka ya maji imekopa kwa wananchi na mifuko, kwa jina lake yenyewe, bila dhamana ya mfadhili wa nje!

Wanaotaka mfano mwingine watazame Kigali, ambako kampuni ya Metito ilijenga mtambo wa Kanzenze wa mita za ujazo 40,000 kwa siku kwa mkataba wa ubia wa miaka 27, na kuiuzia maji mamlaka ya Rwanda kwa jumla. Fedha binafsi inaingia kwenye maji. Mimi ningekuwa na duka ningejaza mabomba.

MkadiriajiMajenzi

Ndugu MwekezajiMdogo, nakubali kwamba Tanga wamefungua mlango, lakini nani mwingine anaweza kupita? Riba ya asilimia 13.5 italipwa kutokana na ankara za wateja, na bei ya maji hapangi mkurugenzi, anaidhinisha EWURA. Mamlaka inayopoteza theluthi ya maji yake na kuomba ruzuku ili ilipe umeme haiwezi kusimama mbele ya mfuko wa pensheni ikaomba mabilioni. Kwa hiyo nisingetarajia hatifungani kumi zifuatane upesi.

Pia tusisahau tulikotoka. City Water, kampuni binafsi, ilikabidhiwa huduma ya maji ya Dar es Salaam mwaka 2003 na mkataba ukavunjwa mwaka 2005, kesi ikafika kwa wasuluhishi wa kimataifa, na uamuzi wa mwaka 2008 ukaona serikali imevunja haki za mwekezaji bila kumpa fidia ya fedha. Tangu hapo ubia wa kuendesha huduma moja kwa moja kwa wananchi haukupata mashabiki wengi nchini. Kanzenze ni kitu kingine: mwekezaji anazalisha na kuuza jumla, anayedai ankara mtaani ni mamlaka ya umma.

Ninachokiona katika hatifungani ni hiki: ili mamlaka ikopesheke, lazima kwanza ikusanye. Hata zile ambazo hazitauza hatifungani kamwe zitashindana kuonekana zinakopesheka. Hapo hoja ya FundiDira inapata nguvu.

DukaLaMsamvu

Nawashukuru sana. Nimeelewa kwamba visima niviache. Nabaki na swali: mabomba makubwa ni bidhaa inayoonekana, naweza kuikagua na kuihesabu ghalani. Huduma ya upotevu inaonekana kama hewa. Na je, kuagiza nje ni busara, au ninunue kwa wazalishaji wa hapa nchini?

FundiDira

Kwenye kukagua bomba, soma maandishi yaliyopigwa ubavuni: PE100 (aina ya plastiki), SDR11 (uwiano wa kipenyo na unene), PN16 (shinikizo linalohimiliwa, bar 16), tarehe ya kuzalishwa, alama ya TBS, shirika la viwango. SDR17 ni PN10, na kuna wanaoiuza kwa bei ya PN16 kwa mnunuzi asiyesoma. Bomba lililokaa juani bila mistari ya buluu kuonekana vizuri, liache. Lakini hilo la ghalani ndilo linalonitia wasiwasi kwako: bomba la milimita 315 linanunuliwa na mradi mmoja kwa vipimo vyake, na mradi ukichelewa kupata fedha, mtaji wako unalala uani kwa miezi. Klampu ya kuzibia mvujo inanunuliwa Jumatatu kwa sababu bomba limepasuka Jumapili, na mamlaka hulipia kutoka kwenye fedha ya uendeshaji ambayo iko mikononi mwake.

MkadiriajiMajenzi

Kuhusu kuagiza: viwanda vya mabomba vya hapa nchini hununua malighafi ya plastiki nje, kwa hiyo bei ya mafuta duniani na ya dola inakufikia hata ukinunua Dar es Salaam. Tofauti ni kwamba hatari hiyo anaibeba mwenye kiwanda hadi siku unapochukua mzigo. Waliokuwa wameagiza wenyewe wakati dola ilipoadimika mwaka 2023 wanajua ninachosema. Nunua ndani, kwa oda ya mradi uliokwisha kusainiwa, na mkandarasi akulipe sehemu kabla mzigo haujatoka.

Kama ni mtaji wangu, ningegawa hivi: sehemu kubwa iende kwenye vipuri vya matengenezo na vifaa vya mivujo, mashine ya kuunganisha kwa joto nunua ya ukubwa wa kati, uikodishe pamoja na fundi wako, kwa sababu makandarasi wa madaraja ya chini wengi hawana na hulipa kwa siku, mabomba makubwa yasubiri. Jisajili NeST kama bado. Na ukienda benki, omba kipindi cha kuanza marejesho kilingane na mwaka wa fedha wa serikali, kwa kuwa malipo mengi ya miradi husogea kuelekea Juni, na Julai hadi Septemba huwa kimya.