Nvidia yote leo, SMH kidogokidogo, au nisubiri kwanza?

Kijana wa Mbagala – 8 Aprili 2025
Wakuu habari za jioni. Tangu Trump atangaze ushuru tarehe 2 soko la Marekani linavuja tu, hisa ya Nvidia, wale watengeneza chipu za AI, iliyokuwa dola 149 mwezi wa kwanza Ijumaa imefunga 94. Nina hela imekaa. Nimwage yote Nvidia leo, ninunue SMH, ule mfuko wenye hisa za kampuni nyingi za chipu, kidogokidogo, au nisubiri lishuke zaidi? Nipeni maujanja.

Kobe Mwendopole
Hela ngapi? Ya nini? Utaihitaji lini? Broka anakukata kiasi gani? Umekuja kama abiria anayeuliza nauli bila kusema anashuka wapi.

Chalii wa Chuga
Mwana usisikilize waoga. 27 Januari ile ya DeepSeek, AI ya Wachina, Nvidia ilishuka 17% siku moja watu wakalia humu, kesho yake ikarudisha karibu 9. Mwaga yote hiyo, itarudi tu.

Kobe Mwendopole
"Itarudi tu" ndo walisema Machi 2000. Fahirisi ya chipu ya Philadelphia, kile kipimo cha bei za hisa za kampuni za chipu, ilirudi pale kileleni 2018. Hesabu miaka.

Mama Vipande
Mie ni SMH tu sibadiliki. Ndani mna Nvidia, TSMC wa Taiwan wanaotengeneza chipu, na ASML wale Waholanzi ambao ndo peke yao duniani wanatengeneza zile mashine za kuchora chipu ndogo kabisa, akijikwaa mmoja wengine wanakubeba. Waliojaza Intel tupu Agosti mwaka jana waliamka ikashuka 26% siku moja na gawio likasimamishwa.

Chalii wa Chuga
Mama gawio nani anajali, la Nvidia lenyewe senti moja kwa robo mwaka, na Marekani wanakata kodi 30% ya hiyo senti 😂

Babu Forodhani
Wanangu niwape yangu. 2022 soko lilivyoanza kushuka nikajiona mjanja, nikaacha hisa za kawaida nikaingia mfuko mmoja wa chipu wa mara tatu, jina nalihifadhi, nikijua soko likirudi na mimi narudi mara tatu. Kumbe hesabu yake ni ya kila siku! Chukua 100, soko lishuke 10% halafu lipande 10%, mwenye wa kawaida ana 99, mimi 70 halafu 91. Sasa piga hiyo miezi tisa juu chini juu chini, na kila ikishuka naongeza maana nilijua hapa ndo mwisho, kumbe chini kuna chini yake. Oktoba mwanangu akaugua nikauza vyote, nilipata hela ya dawa na nauli ya boti. Soko lilianza kupanda mwezi uleule. Mama watoto mpaka leo hajui.

Mama Vipande
Pole sana babu.

Fundi Simu Kkoo
Mbona mnasahau orodha ya ushuru ya tarehe 2 chipu zenyewe ziliachwa nje? Taiwan kapigwa 32% ila chipu hazimo.

Kobe Mwendopole
Chipu hazimo ila simu na seva zinazobeba hizo chipu je? Nani atanunua zikipanda bei? Mleta mada bado hajajibu.

Kijana wa Mbagala – 9 Aprili
Samahani wakuu nilikuwa kazini. Ni milioni 6, ya kupaulia nyumba, fundi anaanza Juni.

Kobe Mwendopole
Hela ya BATI???

Mama Vipande
Mdogo wangu peleka UTT, ile taasisi ya mifuko ya uwekezaji hapa nyumbani, mfuko wa Ukwasi haraka. Hisa ni hela ambayo ukiisahau miaka mitano hulali nje.

Chalii wa Chuga
Apaue Desemba kwani mvua ya Juni iko wapi Dar?

Kijana wa Mbagala – 10 Aprili
Mmeona jana?! Trump kasitisha ushuru siku 90 kasoro China, fahirisi ya chipu imepanda karibu 19% siku moja, Nvidia 114. Mmenikosesha ninyi.

Chalii wa Chuga
Nilisema mimi!

Kobe Mwendopole
Na leo inashuka tena, fungua uangalie. Ungeuza saa ngapi?

Kijana wa Mbagala
Nikiweka milioni 2 tu kwa mafungu manne je, nne zibaki za bati?

Babu Forodhani
Nne zinatosha bati geji 28 au unaweka 30?

Fundi Simu Kkoo
Babu 30, ile nyembamba, huku pwani na chumvi hii? Inaoza mapema, mwambie aweke 28.

Mama Vipande
Inategemea na rangi pia, mie yangu ya 30 ina mwaka wa nane.