Sauti ya kasida inavuma chumbani, nikiikata kwa ikwalaiza inakonda

mkomani_rekodi:

Assalaam aleikum. Narekodi kasida: msomaji mmoja mwanamume, udi mmoja na matari mawili, kila mmoja na traki yake, kwa zamu. Chumba kimo ndani ya nyumba ya kale hapa Mkomani, Lamu. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, upana mita 2.8, urefu mita 5.6, juu boriti. Maiki ni ya kondensa, nimeisimamisha katikati ya chumba, sentimita 10 kutoka mdomoni. Natumia REAPER, programu ya kurekodi kwa kompyuta, na ikwalaiza yake ya ReaEQ, ile ya kupunguza au kuongeza masafa fulani ya sauti.

Tatizo ni kwamba msomaji akishuka nota za chini, sauti inavuma kana kwamba anasomea ndani ya mtungi. Nilisoma kuwa uvumaji hukatwa kwenye 250 Hz, unapunguza desibeli 5, Q 4 (Q ni namba ya wembamba wa eneo linaloguswa). Nikaweka hivyo hivyo. Uvumaji umebaki palepale, ila sauti imekonda, kifua hakipo. Nikiongeza 100 Hz ili kifua kirudi, mvumo unazidi. Nakosea wapi?

---

fundi_langoni:

Waaleikum salaam ndugu yangu. Anza na ile namba 4, kwa sababu nadhani ndiyo iliyoikondesha sauti.

ReaEQ haina Q. Kisanduku chake cha tatu kimeandikwa "Bandwidth (oct)", yaani upana wa bandi (eneo la masafa linaloguswa) kwa oktava; oktava moja ni masafa kuzidishwa mara mbili. Q na oktava hupimana kinyume: Q ikiwa kubwa bandi inakuwa nyembamba, oktava zikiwa nyingi bandi inakuwa pana. Ukiandika 4 hapo umeomba oktava 4, na Q yake ni kama 0.27. Maana yake umeshika kila kitu kuanzia takriban 62 Hz hadi 1,000 Hz, na kifua chote cha mwanamume kimo humo. Aliyekushauri Q 4 alikusudia eneo dogo sana, 220 hadi 283 Hz basi.

Q 4 ndani ya ReaEQ ni oktava 0.36. Ziandike hizi ubaoni mbele yako: oktava 2 ni Q 0.67, oktava 1 ni Q 1.4, oktava 0.7 ni Q 2, oktava 0.5 ni Q 2.9, oktava 0.33 ni Q 4.3. Kukata kasoro, kaa kati ya 0.3 na 0.7. Kuongeza rangi, kaa kati ya 1 na 2, maana kilele chembamba kilichoongezwa hulia chenyewe kila nota inapokigusa.

Wenye ikwalaiza zinazoonyesha Q, hesabu ni nyepesi: gawanya masafa ya katikati kwa Q upate upana kwa Hz. 250 kwa 4 ni 62.5. Ndiyo maana Q ileile inashika Hz chache chini na Hz nyingi juu, na sikio linaliona jambo hilo kuwa sawa, kwa kuwa sikio nalo husikia kwa oktava.

Jambo jingine, ile bandi ya kukata chini, yaani kichujio kinachoondoa besi zilizo chini ya kona yake. Iweke 80 Hz kwa sauti ya mwanamume, lakini upana wake uache karibu na 2. Ukiupunguza hadi 0.5, mchoro unainua nundu papo hapo kwenye kona kabla ya kuteremka, na utakuwa umeongeza besi huku ukidhani umeiondoa. Utazame mchoro, utaiona nundu yenyewe.

---

bi_mawimbi:

Fundi amesema kweli kuhusu upana. Mimi nina neno juu ya ile 250. Hiyo ni namba ya chumba cha mtu mwingine, ya kwako imo ndani ya kuta zako.

Sauti hewani kwa joto la kwetu, nyuzi 30, husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Gawanya kwa upana wa chumba mara mbili: 349 kwa 5.6 ni 62 Hz. Hilo ndilo wimbi la kwanza linalosimama baina ya kuta zako mbili ndefu. La pili ni 125, la tatu 187. Sasa chukua urefu, 349 kwa 11.2: unapata 31, 62, 93, 125. Umeona? 62 na 125 zimejirudia, kwa sababu urefu wako ni upana mara mbili kamili. Masafa mawili yamerundikana mahali pamoja, na msomaji akishuka karibu na 125 chumba kizima kinamjibu.

Nyumba zetu za mawe zina tabia hiyo. Boriti ya mkoko ndiyo iliyopanga upana wa vyumba, kwa hiyo vyumba vingi havipiti mita 3 na kidogo, na mvumo wao huangukia kulekule 110 hadi 130 Hz. Chokaa juu ya matumbawe ni gumu, sauti ya chini hairuhusiwi kupita wala kumezwa. Vidaka vya ukutani husaidia kutawanya sauti za juu kidogo, lakini kina chake hakitoshi kuisumbua 125 Hz, ambayo wimbi lake lina urefu wa mita 2.8.

Halafu umeweka maiki katikati. Wimbi la 62 Hz katikati halina nguvu, lakini la 125 lina nguvu yake yote pale katikati na kwenye kuta. Linapolala, yaani linapokosa nguvu, ni robo ya upana, sentimita 70 kutoka ukuta mrefu. Isogeze maiki hapo. Ile 62 itaongezeka kidogo, usijali, kichujio chako cha 80 kinaishughulikia, na mwanamume haimbi huko. Kwenye urefu nako usikae katikati wala kwenye robo; mita 2.1 kutoka ukuta mfupi panafaa, wimbi la nne la urefu linalala hapo.

Ukiwa karibu na ukuta, mwangwi wa juu utarudi haraka. Simamisha godoro la sufi nyuma ya msomaji na jingine upande wa ukuta ulio karibu, ukiacha nafasi ya sentimita 10 baina ya godoro na ukuta. Godoro la sentimita 10 pamoja na nafasi hiyo hufanya kazi vizuri kuanzia kama 430 Hz kwenda juu. Mkeka hautoshi, unameza tu zile za juu kabisa, chumba kinabaki kimejaa besi na sauti inazidi kuwa tope.

Na sentimita 10 ni karibu mno. Maiki inayosikia upande mmoja huongeza besi kadiri mdomo unavyoikaribia. Nenda 20 hadi 25, uone kabla hujagusa kitufe chochote.

Baada ya hapo ndipo ikwalaiza: 125 Hz, punguza desibeli 3 hadi 4, oktava 0.33. Ukijikuta unahitaji kupunguza 8, rudi kwenye maiki. Ikwalaiza inashusha ukubwa wa nota hiyo, lakini ule mkia unaobaki ukivuma baada ya neno kwisha umesharekodiwa ndani ya maneno yanayofuata.

---

mkomani_rekodi:

Shukran sana nyote. Nimeisogeza maiki na kuifikisha sentimita 22, na upana nimeurekebisha. Tofauti ni kubwa kabla hata ya kukata. Sasa 125 imepunguzwa 3 kwa oktava 0.33 na sauti ina kifua bila mtungi.

Yaliyobaki matatu. Udi unaifunika sauti wakiwa pamoja. Matari yanasikika kama debe. Na herufi za sini na swadi zinachoma masikio, nikikata 6.5 kHz msomaji anakuwa kama ana kitembe.

---

fundi_langoni:

Udi kwanza. Usilielekeze maiki tundu kubwa la katikati, hapo hewa ya ndani inapumua besi nyingi. Elekeza pale shingo inapoungana na tumbo, sentimita 25. Kichujio cha chini usikipandishe kama cha sauti; nyuzi nzito za udi ziko huko, ishia 60. Kisha cheza traki zote pamoja, usisikilize udi peke yake, na utafute 200 hadi 300 Hz mahali udi na msomaji wanapogombana. Punguza 2 au 3 kwa oktava 0.7, kwenye udi, si kwenye sauti. Risha ikipiga tiki-tiki juu ya maneno, punguza 2 karibu na 3.5 kHz kwa oktava 1. Udi ukiusikiliza peke yake utaona umeuharibu. Ndani ya mseto ndipo unapokaa.

Matari: sauti ya debe mara nyingi iko 400 hadi 800 Hz, kata 3 hapo. Lakini uliza kwanza hali ya ngozi. Msimu wa mvua ngozi inalegea, toni inashuka, mpigaji anapiga kwa nguvu zaidi na kinachosikika ni fremu. Zikaushwe motoni kama kawaida, na zirudiwe kila nusu saa kadiri zinavyolegea, ili mwanzo wa kasida na mwisho wake vifanane. Hakuna bandi inayokaza ngozi. Visahani vya shaba viko 6 hadi 10 kHz, na vinapigana moja kwa moja na sini za msomaji. Punguza 2 pale kwa bandi pana kwenye matari, utashangaa ukali wa sini unavyopungua bila kuigusa sauti.

---

sikio_la_shela:

Kuhusu sini na swadi, ikwalaiza ya kawaida hukata muda wote, hata kwenye alifu na mimu ambazo hazina kosa. Ndiyo sababu ya kitembe. Geuza maiki kando kidogo, digrii 20 au 30, isiwe imekodolea mdomo. Zinazobaki zishike kwa ReaXcomp, kompresa ya bandi nyingi iliyomo humo humo REAPER (kompresa hushusha sauti inapozidi kiwango ulichoweka): tenga bandi ya 5 hadi 9 kHz, iache ifanye kazi inapopita kizingiti tu, isishushe zaidi ya desibeli 4 au 5. Au njia ya mkono: kata kipande cha herufi yenyewe na ushushe ukubwa wake 4. Kwa kasida ya dakika sita ni kazi ya saa moja, na ndiyo safi kuliko zote.

Bandi za kutafuta: wengi hufundisha kuongeza desibeli 12 kwa bandi nyembamba na kuitembeza mpaka kitu kilie vibaya. Sikubaliani nayo ikiwa ndiyo hatua ya kwanza. Kitu chochote ukikiongeza 12 kitalia vibaya, na mwisho utakuwa na mashimo saba yasiyo na sababu. Sikiliza kwanza bila kugusa, utaje kwa maneno kinachokuudhi na ni neno gani kinapotokea. Ndipo utembeze kwa kuongeza 6, polepole, hedifoni chini, ukihakiki lile ulilolitaja tu. Ukilipata, geuza kuwa kupunguza, na uanze na 2.

---

bi_mawimbi:

Naunga mkono, na kuna mtego mmoja ambao hakuna aliyeutaja. Kila unachokata kinapunguza ukubwa wa jumla, na sikio hupenda kilicho kikubwa. Ukiwasha na kuzima ikwalaiza, ile isiyokatwa itaonekana bora kwa sababu inalia zaidi. Pandisha geini ya mwisho ya ReaEQ mpaka ukubwa uwe sawa, kwa kawaida desibeli 1 hadi 2, kisha linganisha.

Usipime kwa spika ndani ya chumba kilekile. Chumba kinavuma 125 mara ya pili wakati wa kusikiliza, utaikata mara mbili, na nje ya hapo msomaji atakuwa hana mwili. Tumia hedifoni, kisha simu. Spika ya simu haitoi kitu cha maana chini ya 200 au 300 Hz, kwa hiyo kama maneno hayaeleweki kwenye simu, tatizo lako liko 1 hadi 4 kHz, wala si kwenye besi.

Mpangilio: kukata kuwe kabla ya kompresa, ili mvumo usiivute kompresa na kuishusha sauti nzima kila nota ya chini. Ukitaka kuongeza uwazi, weka ReaEQ ya pili baada ya kompresa, 3 kHz, ongeza 1.5, oktava 1.5.

Na ukisikia mlio mdogo wa 50, 100 na 150 Hz chini ya kimya, hiyo ni umeme. Usianze kuuchimbia mashimo, maana 100 na 150 zimo ndani ya sauti ya msomaji. Chomoa chaja ya laptopu, rekodi kwa betri, zima feni, kisha rekodi sekunde kumi za kimya uone kama umeondoka.

---

mkomani_rekodi:

Ilikuwa chaja. Nimeichomoa, 50 na 100 zimetoweka kabisa. Matari narekodi upya kesho asubuhi, ngozi zikiwa zimekauka.