Kahawa chungu na ini: tupeane uzoefu, watu wa Unguja na Pemba

MtuWaBarza: Assalamu alaykum jamani. Barzani kwetu Mji Mkongwe haipiti jioni bila mtu kusema kahawa inasafisha ini, na mwengine akamjibu huo ni uzushi. Naomba tupeane uzoefu wa kweli, wako mwenyewe au wa mgonjwa unayemuuguza.

Nianze na ninachokijua. Mwaka 2021 watafiti wa Southampton na Edinburgh, Uingereza, walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 490,000 kwa miaka kama 10. Wanywaji wa kahawa walipata maradhi sugu ya ini kwa uchache wa asilimia 21 kuliko wasiokunywa, na waliokufa kwa maradhi hayo walikuwa wachache kwa asilimia 49. Faida ilionekana zaidi kwa kahawa ya kusagwa, na ilifika juu kabisa kwenye vikombe vitatu mpaka vinne kwa siku. Vikombe vyao si finjani zetu hizi, lakini. Na utafiti wa namna hiyo unaonesha kwamba mambo mawili yanakwenda pamoja tu. Hauthibitishi kuwa kahawa ndiyo iliyowakinga. "Kusafisha" hakumo humo.

MpembaWaWete: Waalaykum salaam. Ami yangu aligundulika na homa ya ini B alipokwenda kuchangia damu. Alikuwa mzima, analima, hana hata manjano machoni. Akapangiwa kliniki. Jamaa mmoja wa maskani akamwambia aachane na dawa za hospitali, anywe kahawa nzito asubuhi na jioni, virusi vitakufa. Akamsikiliza. Aliporudi kliniki tumbo limeshajaa maji na ini lina makovu. Sasa anakunywa dawa zake kila siku, na kahawa daktari hakumkataza. Inaniuma kila nikikumbuka ule muda uliopotea.

NesiMstaafu: Mwanangu wa Wete, pole sana, na mpe pole ami yako. Niseme kwa wote: kahawa haiui virusi vya B. Dawa zipo za kuvituliza visizaliane, na mgonjwa haziachi bila ya daktari wake. B hukaa mwilini miaka mtu asijue, kwa hiyo akigundulika mmoja nyumbani, mke au mume na watoto wote wapimwe. Watoto wachanga wanaipata chanjo yake ndani ya ile sindano ya wiki 6, 10 na 14. Msizikose.

MwenyeDele: Mimi nauza kahawa, kazi ya baba yangu. Buni naikaanga mwenyewe mpaka iive nyeusi, naitwanga na tangawizi kavu na iliki, naichemsha kwenye dele kisha naiwacha ituame juu ya makaa. Sukari siweki kabisa. Sukari inakuja kwa mlango mwengine: kashata, haluwa, tende. Kuna mzee mteja wangu, ana kisukari, akapigwa picha ya tumbo akaambiwa ini limejaa mafuta. Kahawa hakuacha. Aliacha haluwa na soda, na sikuhizi anakuja kwa miguu kutoka Kikwajuni. Kipimo cha pili kikatoka kizuri zaidi. Mwenyewe anaisifu kahawa yangu, nami namwambia asiisahau ile miguu.

BintiMichenzani: Kaka MwenyeDele umesema kweli. Mimi kolesto, yale mafuta ya kwenye damu, ilipanda, na daktari akaniuliza kahawa yangu naipika vipi. Kumbe kahawa ya kuchemshwa isiyochujwa inabaki na mafuta ya buni yanayopandisha kolesto. Karatasi ya kuchujia huyazuia mengi. Sasa nachuja. Ladha imepungua, sisemi uongo, ila nimeizowea.

MtuWaBarza: Ahsanteni. Niongeze la moto. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema kahawa yenyewe haina ushahidi wa kutosha wa kuleta saratani, na kwa saratani ya ini wanywaji walionekana kuipata kwa uchache kuliko wasiokunywa. Ila kinywaji cha moto uliopita nyuzi 65 huenda kikaleta saratani ya umio, yaani njia ya chakula kooni mpaka tumboni. Wazee wetu wanaoipiga finjani ikiwa inafuka, tuwaombe wasubiri kidogo.

MamaWaChake: Na wajawazito je? Mie nina mimba na kahawa naipenda.

NesiMstaafu: Punguza, mwanangu, na usinywe pamoja na chakula wala vidonge vya damu, maana inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Na kama hujapimwa B, kamwambie mkunga wako akupime. Mtoto anaweza kuipata wakati wa kuzaliwa.

MpembaWaWete: Shikamoo bibi. Mke wa ami amepimwa, hana. Afanye nini sasa?

NesiMstaafu: Marahaba. Achanjwe. Kwa mtu mzima ni sindano tatu: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja, na ya miezi sita tangu ile ya kwanza. Aulize kliniki ile ile ya ami yako, na kadi aiweke vizuri ile ya tatu isije ikasahauliwa.